Tundu Nililoliziba

Alhamisi, tarehe 14 Mei. Asubuhi jua kali. Saa nane mawingu yalikuja kutoka upande wa Manga, na saa tisa ikanyesha mvua ya mawe iliyoichana migomba yangu yote ya nyuma ya nyumba. Sasa imetulia, nami nimekaa mlangoni na daftari.

Nimezoea kuanza hivyo. Mwalimu wangu wa darasa la nne, ambalo ndilo la mwisho nililofika, alitufundisha kwamba asiyejua la kuandika na aandike tarehe, hali ya hewa, na alichokula jioni. Hapo katikati, alisema, maneno yatajileta yenyewe. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na mara nyingi hapo katikati pamebaki patupu.

Leo pana neno. Vijana wa gereji ya Nyakoe, juzi mlinisimamisha njiani mkaniuliza juu ya lile lori lenu la dizeli. Mlisema dereva ametuliza mguu, lakini injini inanguruma, inafifia, inanguruma, inafifia, kama mtu anayesinzia kanisani na kushtuka. Mmebadilisha pampu, mmebadilisha nozeli, na bado. Mlitaka niwajibu pale pale. Sikujibu, na mmoja wenu akasema mzee ameringa. Hapana. Niliogopa. Ugonjwa huo nilipokutana nao mara ya kwanza, miaka ya hamsini, nusura nimtie mtu mwema jela. Basi nimeona heri niwaandikie taratibu. Nikikosea mahali mnisahihishe, maana kumbukumbu ya mzee ni kama chujio lililochakaa: hupitisha takataka, mafuta likayazuia.

Kabla ya magari nilikuwa mziba sufuria. Nilikaa sokoni Nyamarambe na jiko la makaa, chuma cha kulehemu na kipande cha risasi ya kuyeyusha, akina mama wakiniletea sufuria, debe na birika zilizotoboka. Nadhani nilikuwa hodari. Angalau hakuna aliyerudi kunitukana ila mama mmoja, naye alikuwa na haki. Mziba sufuria ana jicho lake. Hunyanyua chombo juani, hufumba jicho moja, hutafuta nukta ya mwanga. Akiiona hana raha mpaka aizibe. Likumbukeni jicho hilo.

Aliyenitoa sokoni ni Fundi Owino, mtu wa upande wa ziwa, ambaye injini za dizeli alijifunzia jeshini wakati wa vita. Alikuwa na gereji ya mabati Kisii mjini, chini ya kilima cha Nyanchwa, akitunza malori ya Bwana Salim, mfanyabiashara wa pale mjini. Siku moja alileta birika lake nilizibe, akasimama kuniangalia, kisha akasema, "Mkono wako hautetemeki. Kichwa sijui. Njoo tujaribu."

Tulitaniana sana. Nikiharakisha kazi alisema, "Ninyi watu wa ndizi mnadhani kila kitu mkikifukia kitaiva chenyewe." Nami nilimjibu, "Na ninyi watu wa samaki mnatega, mnalala." Alicheka, halafu alinipa kazi chafu kuliko zote.

Kazi chafu zenyewe ndizo zilizonifundisha. Wakati ule hatukuwa na vyombo vya kupima. Tulikuwa na chupa. Ukishuku maji, unajaza chupa nyeupe dizeli ya chini kabisa ya tangi, unaiweka kwenye kivuli, unakwenda kunywa chai. Ukirudi, maji yamekaa chini peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Tulikuwa na kijiti pia. Unaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, unasikia silinda moja moja inavyopiga. Kuvuta dizeli tulivuta kwa mdomo na mpira. Wiki yangu ya kwanza niliimeza. Nilicheua siku tatu, na mke wangu Kemunto alinikataza kukaa karibu na moto.

Owino alisema petroli inasamehe lakini dizeli haisamehi, na kwamba ina adui wawili, maji na hewa. Povu dogo tu likiingia kwenye paipu, injini inayumba. Alinifundisha kulegeza skrubu ya chujio, kupiga pampu ndogo kwa mkono, na kungoja mpaka povu liishe na dizeli itoke safi. Hilo nililishika vizuri. Lingine sikulishika. Tulikuwa na pipa la dizeli limesimama uani, na asubuhi moja tukakuta maji ndani, ingawa kizibo kilikuwa kimekazwa. Nilisema mtu ameyatia. Owino akasema, "Hakuna mtu. Mvua imetuama juu ya pipa, usiku pipa limepoa, likavuta. Pipa linapumua, bwana. Lilaze ubavu." Nililaza pipa. Katika daftari niliandika, "Pipa linapumua," nikapiga mstari chini yake, na sikuelewa neno hata moja.

Sasa lori lenyewe. Bwana Salim alikuwa na lori la dizeli, na dereva wake aliitwa Nyamweya, Mkisii mwenzangu, mtu mkubwa, mpole, mwenye Kiswahili cha kubahatisha. Kila alfajiri alijaza tangi mjini mpaka juu, akapanda Nyamira kuchukua kahawa ya wakulima. Mvua za masika zilipopamba moto tulikuta maji kwenye tangi lake. Wakati huohuo Owino alikwenda kwao kuzika ndugu yake, akaniachia gereji. Nilikuwa na miaka michache tu ya ufundi.

Nilimwaga dizeli yote, nikasafisha tangi vizuri. Kisha nikachukua kifuniko chake, na mkono ukafanya ulichozoea: ukakinyanyua juani. Nikafumba jicho moja. Nukta ya mwanga! Tundu dogo kama ncha ya sindano, katikati kabisa. Nilicheka peke yangu. Kumbe maji yanapitia hapa! Nikawasha makaa, nikaliziba kwa risasi, nikasugua mpaka ikang'aa. Nikakata na duara la mpira wa tairi la ndani, nikaliweka chini ya kifuniko ili kisiachie hata unyevu. Siku ile daftari linasema: "Nimeziba tundu la kifuniko. Kazi safi."

Siku ya pili yake Nyamweya alirudi amechelewa, matope mpaka masikioni. "Fundi," akasema, "hii gari inakosa pumzi."

Pumzi ni hewa, nikajiambia, na hewa ni adui. Hewa imeingia. Nilifungua kifuniko kuangalia kama dizeli ipo, ilikuwepo. Nililegeza skrubu, povu likatoka kidogo, nikakaza viungo vyote vya paipu. Injini ikaunguruma bila kuyumba. "Imepona," nikamwambia. Kesho yake ikazimika tena, na keshokutwa. Kila ikifika gereji nafungua kifuniko, naangalia dizeli, natoa povu, injini inakuwa nzima kama iliyotoka dukani jana. Mlimani inapanda na kushuka, inafifia, inazimika. Ikikaa robo saa inawaka tena bila kutengenezwa.

Ubaya ni kwamba ilizimika mahali pamoja. Palikuwa kwenye mlima wa barabara ya Nyamira, chini ya boma la wakwe zake Nyamweya.

Lazima nimtendee haki Bwana Salim. Hakuwa mtu mbaya. Kahawa ya watu ilichelewa, watu walimlalamikia, na mtu mmoja sokoni akamnong'oneza kwamba dereva anasimama pale kuuza dizeli. Mimi mwenyewe ningeamini. Alinijia siku ya Jumatano na karatasi. "Fundi, sitaki maneno mengi. Hiyo gari nzima au mbovu? Andika uweke sahihi."

Niliwasha mbele yake, ikaunguruma vizuri. Nikaandika, "Injini ni nzima," nikaweka jina langu.

"Basi mwizi ni dereva," akasema. "Ijumaa nikitoka kuswali nampeleka polisi, na karatasi yako naenda nayo."

Nilisema jambo hilo nyumbani tukila. Kemunto aliacha tonge mkononi. "Gari inasimama wapi?"

"Kwa mama mkwe wake."

Akacheka mpaka nikakasirika. "Wewe ni Mkisii kweli? Mwanamume gani atajilaza kwenye matope, miguu nje kama mbuzi aliyechinjwa, mbele ya mama mkwe wake? Kwa kupenda? Akiuza dizeli si atauza hata Misri, lakini si pale!"

Vijana, ninyi siku hizi mnapiga picha na mama wakwe. Zamani tulikuwa na chinsoni, yaani ile heshima ya kuoneana haya. Mkwe na mama mkwe hawakukutana njiani. Mmoja akimwona mwenzake, aliingia shambani mpaka apite. Kumkalia mlangoni kila siku, tena umechafuka hivyo, ilikuwa aibu ya kumfanya mtu aombe kufa. Bwana Salim alikuwa mtu wa mjini, hakujua. Mimi nilijua, na bado niliandika ile karatasi. Mpaka leo sijapata maelezo ya kutosha, ila kwamba niliiamini mikono yangu kuliko nilivyomwamini mtu.

Asubuhi ya Alhamisi nilimwomba Bwana Salim nisafiri na lile lori. Akanitazama. "Nenda. Lakini ile karatasi ninayo."

Tukajaza tangi mpaka juu, tukaondoka. Bonde la kwanza sawa, mlima wa kwanza sawa. Tulipouanza ule mlima wenyewe, injini ikavuta, ikaachia. Ikavuta, ikaachia. Uu-uu-uu. Nyamweya hakuwa ameusogeza mguu wake, nilikuwa nautazama. Ikazimika. Akatia mawe magurudumu ya nyuma, akachungulia juu kwenye migomba, kisha akajitupa chini ya lori. Hakujitupa kutengeneza. Alikuwa anajificha.

"Ameniona?" akaniuliza kutoka huko chini.

Kabla sijajibu, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye mahindi, si hatua kumi kutoka tulipo. "Wewe uliyesimama! Mwambie huyo aliye chini ya gari kwamba nimechoka kukanyaga mahindi yangu nikienda mtoni."

Nyamweya akasema, "Mwambie mama naomba radhi. Si mimi, ni gari."

"Mwambie hiyo gari sasa tunaijua kuliko watoto wetu. Karibu tutaipa jina."

"Mwambie mama leo nimekuja na fundi."

"Mwambie nimemwona. Mbona yeye hana kitu mkononi?"

Hapakuwa na haja ya kupeleka ujumbe, wote wawili walikuwa wanasikiana. Nilifungua skrubu ya chujio: dizeli haiji, povu tu. Nikakaza viungo, jasho likinitoka. Ijumaa ilikuwa kesho. Yule mama alinihurumia, nadhani. Mahindi yakatikisika, na kibuyu cha maziwa ya mgando kikawekwa ukingoni mwa shamba. "Fundi, kunywa. Mwenye njaa haoni vizuri."

Nilikuwa na kiu. Nikakibandika kibuyu mdomoni, midomo nimeikaza ili tone lisianguke, nikakiinua juu. Maziwa yakaja funda moja, yakakatika. Funda moja, yakakatika. Ku. Ku. Ku.

Mahindi yakacheka. "Tazama fundi anavyonyonya! Acha nafasi, mwanangu. Kibuyu nacho kinataka kuvuta pumzi."

Nilisimama na kibuyu juu kama mtu aliyepigwa radi. Ule mlio niliujua. Ndio niliotoka kuusikia kwenye injini. Na lile neno, pumzi, Nyamweya aliniambia siku ya kwanza: gari inakosa pumzi. Alisema inakosa. Mimi nikasikia imezidi.

Nilikwenda kwenye tangi, nikazungusha kifuniko polepole. Fyuuuu! Tangi likavuta hewa ndani kwa muda mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikapiga pampu ya mkono, dizeli ikaja safi, lori likawaka, halikuyumba. Sikuridhika. Nikakaza kifuniko, nikamwambia Nyamweya apande akanyage hapo hapo tulipo. Baada ya muda likaanza tena, uu-uu-uu. Nikalegeza kifuniko, likatulia. Nikakishika mkononi, nikakigeuza. Katikati palikuwa na risasi yangu, inang'aa.

Nawaelezeni kama nilivyokuja kuelewa. Dizeli inayotoka tangini lazima hewa ije ikae mahali pake. Isipopata njia, tangi linaivuta dizeli irudi, pampu inavuta ije, na injini inabaki katikati kama mtoto wa wazazi wanaogombana. Tangi linapokuwa tele ndipo linapokabwa haraka, maana nafasi ya hewa ni ndogo. Ndiyo sababu lilizimika mahali pale pale kila siku. Ukilazimisha, pampu inavuta hewa kwenye kila kiungo kilicholegea, nawe unaona povu unasema hewa imezidi. Na kila gari lilipofika gereji, kwa kufungua kifuniko kuangalia dizeli, nilikuwa namtibu mgonjwa kabla ya kumpima.

Mfukoni nilikuwa na msumari. Nyamweya alikuwa ndani, haoni. Ningetoboa ile risasi, nikasema ilikuwa pampu. Nililifikiria hilo, nisiwadanganye. Nililifikiria kwa muda unaotosha kuvuta sigara nzima. Lakini ingebaki ile karatasi, na zile siku zote nyingine ambazo gari lilihesabiwa zima na dereva mwizi.

Nikamwita. Nikamwonyesha kifuniko.

"Nani aliziba?"

"Mimi."

"Na wewe uliandika gari ni mzima?"

"Niliandika."

Alikwenda mpaka nyuma ya lori, akalipiga tairi teke, akarudi. Uso wake ulikuwa karibu na wangu. "Ningekupiga," akasema kwa sauti ya chini, "lakini mama anaangalia."

Tulitoboa tundu, risasi na mpira pamoja, tukaenda Nyamira, tukarudi na kahawa bila kusimama hata mara moja. Nilimkuta Bwana Salim dukani kwake kabla ya magharibi. Nilimweleza yote. Hakuamini mpaka nilipofunika lile tundu kwa kidole, injini ikinguruma, naye akangoja hapo amesimama, kanzu ikipata vumbi, mpaka akaisikia ikiyumba, na mimi nilipoondoa kidole akasikia ile fyuuu. Akatoa karatasi yangu mfukoni, akanirudishia. "Andika nyingine."

Nikaandika, "Gari lilikuwa bovu. Nililiharibu mimi. Dereva alisema kweli tangu siku ya kwanza."

Akaisoma, akamgeukia Nyamweya aliyekuwa mlangoni. "Bwana Nyamweya, nilikudhania vibaya, tena mbele za watu. Nisamehe. Mbele za watu hao hao nitasema." Na alisema. Mimi hakunifukuza. Alisema fundi asiyeficha ni rahisi kumlisha kuliko anayeficha. Sijui kama nilistahili.

Owino aliporudi nilimpa kile kifuniko. Alikitazama juani, jicho moja amefumba, akiniigiza. "Nilikuambia pipa linapumua. Ulidhani naimba?" Akanunua kifuniko kingine, na kile changu akakitundika kwa msumari juu ya meza ya kazi. "Ulikuja na mkono," akasema. "Sasa kichwa nacho kimeanza kufika."

Kwa hiyo, vijana wa Nyakoe, pampu mliyoitoa irudisheni, labda haina kosa. Msifungue kitu gerejini. Jazeni tangi, mpande mlima mpaka liyumbe, kisha mmoja wenu aweke sikio kwenye kifuniko akikifungua. Likivuta pumzi, mmepata. Lisipovuta, anzeni tangini mwende mbele taratibu: paipu, pampu ndogo, chujio, pampu kubwa iwe ya mwisho. Inawezekana la kwenu ni jambo lingine kabisa, na mimi nimewajazia karatasi bure. Lakini kabla ya yote muulizeni dereva, na mlisikie neno lake lote.

Nimefungua daftari la ile Ijumaa, ambayo Nyamweya angelala kituoni. Linasema: "Jua. Mvua kidogo saa kumi." Alipita mlimani kwa wakwe zake bila kusimama, akapiga honi mara moja. Wakati wa kurudi alikuta kibuyu kimening'inizwa kwenye mti kando ya barabara, na sauti ya mama mkwe ikamwita kutoka kwenye mahindi. Jioni alikileta kwangu. Hakuingia mara moja, alisimama mlangoni kana kwamba bado anafikiri.

"Ni cha kwako," akasema. "Mama amesema mpe yule fundi, na mwambie asikaze mdomo."

Kemunto akamvutia kiti. Tulikula ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolala usiku kucha kwenye chungu mpaka uchungu ukaisha, Nyamweya akaongezwa mara mbili. Kisha tukapokezana kibuyu. Zamu yangu ilipofika wote walinitazama. Nikanywa polepole, nikiacha nafasi.